Ngozi Sita Kutoka Mwea

Nilikwenda Mwea kwa sababu baba yangu alikuwa amekataa bandeji. Maji ya moto ya kumnyonyolea nguruwe yalimmwagikia mguu wa kushoto, kuanzia chini ya goti hadi vidoleni, na kwa wiki mbili alikuwa amelazwa katika hospitali moja ya Nanyuki, akibadilishwa kitambaa kila baada ya siku mbili. Kitambaa kilishikana na kidonda. Kila kilipobanduliwa kiliondoka na kile kidogo kilichoanza kupona, nami nilikaa kando nimempa mkono aukamate. Jumanne aliniambia, bila kupandisha sauti, kwamba wakimbandua tena hivyo baada ya Alhamisi, atarudi kwake Kieni ajitibu kwa asali na majani. Baba yangu hatishi mtu. Akisema ameondoka, ameondoka, na kidonda kile kwenye vumbi la zizi kingemmaliza.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba mimi kazi yangu ni kutengeneza kitu kisichoshikana na kidonda. Katika maabara yetu ndogo mjini Nyeri tunafuga bakteria kwenye trei za chai yenye sukari. Wakiachwa watulie na kupata joto, wanafuma juu ya chai utando wa selulosi, uzi uleule wa pamba ila mwembamba kupita kiasi. Tunauvuna, tunauchemsha kwa kostiki soda mpaka hakuna bakteria hata mmoja aliyebaki, tunausuuza, tunaufunga kwenye pakiti ukiwa na maji yake na kuupitisha kwenye mtungi wa mvuke unaoua vijidudu. Ukiuweka juu ya kidonda unalala pale kama ngozi, unapitisha mwanga, na hauna haja ya kubanduliwa mpaka uache wenyewe. Kamati ya maadili ya hospitali ilikuwa imeruhusu tuujaribu kwa wagonjwa wachache. Baba aliweka kidole gumba kwenye fomu, na daktari akasema ataanza Alhamisi saa nane.

Lakini baridi ya Julai Nyeri unaijua. Hita ya maabara iliharibika, na trei zetu zikatoa utando mwepesi kama ganda la kitunguu. Ngozi nzuri, kama tunavyoziita tando hizo, zilikuwa Mwea, kwenye joto, kwa mwenzetu Mama Muthoni. Alikuwa na sita, na mguu wa baba ulihitaji sita.

Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, nilitoka Nyeri na gari la shemeji yangu. Ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba mpaka Karatina niliendesha nikiwa nimekaribia kugusa kioo kwa pua. Nilijisemea kwa sauti, nikamlaumu nguruwe, nikailaumu hita. Baada ya Sagana jua likatoka, nikavua sweta.

Saa mbili nilikuwa Ngurubani, mji wa Mwea. Mama Muthoni alikuwa akinisubiri mlangoni, kisanduku cha plastiki kikiwa kimeshafungwa. Alikifungua tukahesabu pamoja: pakiti sita, zote zimejaa, mishono yake mikavu. Alinitaka ninywe chai nikakataa, jambo ambalo kwetu ni kama tusi, lakini alinielewa. Hapo ningeondoka. Lakini mtu wa Nyeri haendi Mwea, kwenye mashamba ya mpunga, akarudi bila mchele. Wenzangu kazini wangeniuliza, shemeji mwenye gari angeniuliza, na mkono wangu ukaenda mfukoni wenyewe. Nilinunua gunia la kilo ishirini na tano kwenye kinu cha mpunga jirani na kwake, nikaliegemeza kwenye kiti cha nyuma, juu ya kisanduku. Mama Muthoni alikuwa ndani akitafuta kifuniko cha thamosi ya chai aliyotaka niibebe. Angeona, angenikemea.

Saa tano na nusu nilipita Kiganjo nikiwa na muda wa kutosha, hata nikaanza kuimba. Karibu na Chaka kuna matuta, na la kwanza nililivamia. Nilisikia gunia likiruka na kushuka kwa kishindo juu ya kisanduku.

Niliegesha kando ya wauzaji wa nyama nikafungua nyuma. Kifuniko cha kisanduku kilikuwa kimebonyea ndani. Pakiti moja ilikuwa imepasuka mshono mzima na maji yake yametapakaa. Hiyo haikuwa na mjadala. Nne nilizikamua kwa vidole na hazikutoa kitu. Ya sita ilikuwa na unyevu kwenye pembe moja. Niliipangusa kwa leso nikasubiri. Unyevu ukarudi, au labda ulikuwa haujaisha. Ungeweza kuwa maji ya ile iliyopasuka. Ungeweza pia kuwa tundu la ukubwa wa ncha ya sindano, na tundu hilo linatosha kuingiza uchafu kwenye kidonda cha mzee wa miaka sabini. Nilikaa kwenye mlango wa gari nikiwa na pakiti hiyo mapajani, nikajitukana kwa Kikuyu na kwa Kiswahili. Ngozi nne zingefika kwenye kifundo cha mguu. Ya tano ingefunika kuanzia kifundo mpaka karibu na vidole. Niliikausha mara ya tatu na kuirudisha pamoja na zile nzima.

Saa nane kasoro robo, Nanyuki. Baba alikuwa ameketi kitandani amenyoa ndevu, kama mtu anayengoja kwenda kanisani. Yeye huniita Maitu, yaani mama kwa Kikuyu, maana nimepewa jina la mama yake.

"Maitu, umezileta?"

Nilimwambia nimezileta. Muuguzi wake, Sista Halima, mwenyeji wa mjini humo, alipanga meza, akachukua kisanduku na kunitazama.

"Zote ziko sawa?"

Nilimwona baba akitazama mguu wake uliofungwa, na nilijua hakuna mtu chumbani ambaye angeweza kugundua.

"Nne," nikasema, nikiichomoa kisandukuni ile yenye unyevu. "Moja imepasuka, na hii siiamini. Niliweka gunia la mchele juu yake."

Sista Halima aliichukua akaitupa kwenye ndoo. Baba akanigeukia.

"Ati mchele?"

"Mchele, Baba."

"Sasa hiyo sehemu ya chini itabaki na kitambaa?"

"Itabaki."

Alivuta pumzi. "Basi leta mkono."

Kitambaa cha zamani kilibanduliwa chote, kuanzia goti, na sitaki kuyaeleza maumivu yale. Kisha daktari alizilaza zile ngozi moja baada ya nyingine, zikikaa zenyewe, akazifunika kwa bandeji nyepesi, na kuanzia kifundo kwenda chini akafunga kitambaa kama zamani. Nililala kwa binamu yangu Nanyuki siku mbili, sikula vizuri.

Jumamosi, saa nne asubuhi, bandeji ya juu ilifunguliwa. Ngozi zilikuwa palepale zilipolazwa, na chini yake tuliona mguu kama unavyoona kitu nyuma ya dirisha lenye mvuke: wekundu safi, bila usaha, na pembeni rangi ya waridi ya ngozi mpya. Hakuna aliyegusa. Baba alijiinua kwenye mto, akauangalia mguu wake kwa mara ya kwanza bila maumivu, na machozi yakanitoka mbele ya watu wote. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya blanketi.

Kisha Sista Halima akafika kwenye kifundo, akashika ncha ya kitambaa. Baba aliutafuta mkono wangu.

"Hii ya chini ni ya mchele," alimwambia, akanikamata.

Nilirudi Nyeri jioni hiyo, alama za kucha zake zikiwa bado kwenye kiganja. Ngozi nyingine zilikuwa zimeanza kukua Mwea. Gunia lilikuwa bado garini, na mpaka leo nikitoka Mwea na kisanduku, kiti chote cha nyuma ni cha hicho kisanduku peke yake.