Doa la damu ya babu kwenye jiwe la chemchemi, Newala: nililiangalia kwa lenzi

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hili limenikuta mwenyewe, sijasimuliwa, na sitatia chumvi.

Kwetu ni Mkunya, Newala. Huku juu maji ni shida tangu enzi, kwa hiyo kina mama walikuwa wakishuka bondeni kwenye chemchemi.

Pale kuna jiwe lenye doa jeusi linaloelekea wekundu. Bibi yangu anasema ni damu ya babu yake.

Wakati wa Maji Maji alijificha pale, askari wa Mjerumani wakampiga risasi na kuondoka na mwili. Hana kaburi. Kaburi lake ni hilo doa.

Ndiyo maana kata ya kwanza ya maji humwagwa juu ya jiwe, halafu ndipo unachota yako. Ukimwagia, doa linavimba na kung'aa kama damu mbichi. Utotoni nilikuwa natimua mbio, sifichi.

Sasa mimi nimesoma botany, elimu ya mimea. Likizo moja ya kiangazi nikashuka na Bibi, lenzi mfukoni.

Aisee, si damu.

Ni cyanobacteria, viumbe vidogo mno vinavyojipikia chakula kwa jua. Vina pigment, yaani rangi za asili, ya kijani, ya bluu, vingine hadi nyekundu. Zikichanganyika unapata ule weusi.

Chini ya jiwe, penye unyevu, kuna vimmea bapa vyenye vijipembe, hornwort. Ndani yake vidoti vya bluu: ndugu wa hao hao, wamepewa chumba, nao wanamtengenezea mwenye nyumba mbolea kutoka hewani.

Raha yote ikaniisha. Nikisema, namnyang'anya Bibi kaburi. Nikinyamaza, namdanganya aliyenilea.

Nikatazama mawe ya jirani. Makavu, meupe, hayana kitu. Hili moja tu ndilo linalonyweshwa.

Nikamweleza yote. Akauliza, "Kwa hiyo tungeacha kumwagia?"

"Lingeisha zamani, Bibi."

"Basi mama yangu na mama yake hawakumwacha hata kiangazi kimoja."

Akalia. Na mimi nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Nilichojifunza: niliogopa ukweli ungebomoa, kumbe Bibi alikuwa na mahali pa kuuweka. Nyie mngesema au mngemezea? Karibuni, hata wa kunichana.

Magoti ya Bibi hayawezi tena ule mteremko. Siku hizi namwagia mimi. Najua fika ni bakteria, na bado nikifika naanza na shikamoo.