Upenu Uliokukinga Mvua

Asubuhi moja nakumbuka, mwanangu, niliamka Pasua, mtaa wa mjini chini ya mlima, katika chumba ambacho sikuwa na haki nacho tena. Rafiki aliyenihifadhi alikuwa anaoa, na chumba kilikuwa kimoja. Hapo mtu hangoji kuambiwa. Nikakunja shuka langu, nikatia nyundo na msumeno ndani ya gunia, nikaaga, nikatoka. Kufika barabarani ndipo nikajiuliza ninakwenda wapi. Nikatazama chini, kulikuwa na joto na vumbi. Nikatazama juu, mlima ulikuwa umejifunika wingu hadi mabegani. Nikasema moyoni, huku chini nimeshakujua. Nikapanda.

Usinicheke. Mimi shule niliiacha darasa la sita, na si kwamba nilikuwa mjinga. Dirisha la darasa letu lilitazama njia, na kila aliyepita nilitaka kujua anatoka wapi na amebeba nini. Tena mimi ni mtoto wa katikati. Unajua desturi yetu: mkubwa hupewa kihamba chake, yaani shamba la migomba la ukoo, kitinda mimba hubaki na nyumba ya wazazi, na sisi wa katikati hupewa baraka na barabara. Sikulalamika. Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota, nami nilikuwa nimekwenda bure miaka mingi, nikaokota ufundi kidogo wa mbao hapa, kidogo pale, kwa kusimama kando na kuuliza maswali hadi watu wanichoke.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, mitumba ilipanda mlima kwa marobota, na kahawa ilikuwa imeanza kuwakatisha watu tamaa. Wengine waling'oa mibuni wakapanda nyanya. Na nyumba nazo zilianza kubadilika sura, kila mmoja akitaka yake ifanane na aliyoiona mjini.

Nilipanda hadi migomba ikaanza, kisha ikawa mingi, kisha ikafunga njia pande zote mbili. Mvua ya vuli ikanikuta huko. Mvua ya mlimani haibishi hodi. Nikakimbia, gunia kichwani, hadi nikaiona nyumba ya matofali ya kuchoma iliyokaa juu kabisa ya korongo, mahali njia inapotumbukia kwenda mtoni. Nikajibanza upenuni.

Na upenu ule, mwanangu, ulikuwa mpana ajabu. Mtu mwenye mkungu wa ndizi kichwani angesimama pale na mwenzake akapita mbele yake, wote wawili wakavu. Maji ya paa yalianguka mbali na ukuta, na kwa miaka mingi ya kuanguka mahali pamoja yalikuwa yamejichimbia mfereji ardhini, ulionyooka kama uliopigwa kwa kamba. Lakini nilipotazama juu, huruma ilinishika. Ule ubao mrefu unaofunga ncha za paa, tunaouita fishabodi, ulikuwa umeoza na kulegea kama mdomo wa mzee asiye na meno. Dari la upenu lilining'inia vipande vipande. Popo walikuwa wameshahamia.

"Umepoteza kitu huko juu?"

Nikageuka. Mlangoni alisimama bibi mmoja mwembamba, kitenge kiunoni, kisu cha kumenyea ndizi mkononi.

"Shikamoo, bibi. Natazama mbao zako. Zinaumwa."

"Marahaba. Zinaumwa siku nyingi, ila hazijawahi kupata mganga anayelowa kama wewe. Sogea ukutani, upepo unageuka."

Huyo ndiye Bibi Filomena. Alinipa bakuli la kiburu, ndizi na maharage vikiwa bado vya moto, nikala nimesimama pale pale. Hakuniuliza jina hadi nilipomaliza.

Mvua ilipokatika akatoka mwanawe, Gaspari, kitinda mimba wake. Alikuwa na duka la mitumba Arusha, amekuja kuitengeneza nyumba ili ndugu wa Dar watakapopanda Krismasi wasimcheke. Mbao zilishanunuliwa, zimepangwa chini ya turubai. Aliyepotea ni fundi tu. Alikuwa ameitwa Bomang'ombe kwenye nyumba kubwa zaidi, akaenda.

"Wewe ni fundi?" Gaspari aliuliza.

"Naweza."

"Naweza na fundi ni watu wawili. Msumeno ni wako?"

"Ni wangu."

"Unalala wapi?"

"Bado sijafika huko," nikasema, naye akacheka.

Tukapatana. Nikimridhisha siku ile, kazi yote ingekuwa yangu, na ningelala katika stoo ya kahawa hadi niimalize. Nisipomridhisha, njia ni ile niliyojia. Bibi akachukua mundu na kamba, akaenda kukata majani ya ng'ombe. Alipopotea migombani, Gaspari akanionyesha alichotaka. Hakutaka fishabodi mpya tu. Alitaka zile ncha za mbao za paa zinazotokeza nje ya ukuta zikatwe zote, ibaki shubiri moja, ndipo fishabodi ipigwe hapo karibu na ukuta, ipakwe rangi nyeupe.

"Ndivyo nyumba za sasa zilivyo," alisema. "Halafu hawa watu, fundi. Kila mvua wanajazana hapa, matope, maganda ya ndizi, kelele, wameegemea dirisha la chumba anacholala mama yangu. Mama yuko peke yake. Sitaki watu nisiowajua ukutani kwake."

Nami nikaona ana hoja. Tena nitakueleza ukweli, ilinifaa. Kukata ncha iliyooza ni kazi ya dakika. Kuiunga ndiyo kazi. Nikaegemeza ngazi, nikapanda, nikakata ya kwanza. Ikaanguka mferejini, maji yakaruka.

Nilipokuwa naweka msumeno kwenye ya pili, Bibi akatokea na mzigo wake wa majani. Akautua. Akakitazama kile kipande mferejini, kisha akanitazama mimi. Akaingia ndani, akatoka na kigoda na beseni la ndizi, akakiweka kigoda chini ya pengo nililolifungua, ndani kidogo ya mfereji, akakaa, akaanza kumenya. Manyunyu yakaanza tena. Yakamwangukia mabegani.

"Bibi," nikasema, "naomba usogee, vipande vitakuangukia."

"Endelea na kazi yako, baba. Mimi nimekaa nyumbani kwangu."

"Mama," Gaspari akasema, "utalowa."

"Nalowaje nikiwa ndani? Nyumba yangu inaishia pale maji yanapoangukia. Aliipima baba yako, si mimi. Au imehama?"

"Mama, acha hiyo hoja. Nyumba inaishia ukutani."

"Basi mimi niko nje. Waache walio nje walowe, si ndivyo unavyojenga?"

Gaspari akashika kiuno. Nami nilikuwa juu ya ngazi, msumeno umeng'ata mbao, sijui nivute au nisukume. Wa kunipa kazi alikuwa yule, na mwenye nyumba alikuwa huyu. Nikiacha, nitalala wapi? Nikavuta mara moja, taratibu, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Bibi hakuinua macho.

"Aliye juu mngoje chini," alisema kwa upole, akitupa ganda. "Nami nina ndizi za kutosha. Ila nikuulize, baba. Ulipokuja na gunia lako kichwani, ulijikinga wapi?"

"Hapa, bibi."

"Hapa wapi?"

Nikatazama pengo. Nilikuwa nimejikinga chini ya ncha ile ile niliyokuwa nimeikata.

"Bakuli lilikuwa bado la moto," akasema, "nawe umeshaukata upenu."

Hakunitukana, mwanangu. Angenitukana ningepata pa kujibu. Nikauchomoa msumeno, nikashuka. Gaspari akaniuliza kama kazi siitaki. Nikamwambia naitaka sana, na mahali pa kulala napataka kuliko kazi, lakini mama wa mtu siwezi kumnyeshea. Akaniambia basi nichukue gunia langu. Nikaanza kulikusanya.

Hapo mvua ikashuka kwa nguvu, na njia ikatoa watu. Ilikuwa siku ya soko. Kinamama wakaja wakikimbia na mikungu, na vikapu, na mmoja amebeba jogoo kwapani, wakajaa upenuni kama walivyozoea. Mto kule chini ulikuwa umeanza kunguruma, na hakuna anayeteremka korongo lile mto ukinguruma. Mmoja wao, Mama Resti, mnene na mcheshi, akaona pengo na Bibi amekaa chini yake analowa.

"Shimbonyi, mai," akamsalimu kwa kilugha, kisha akauliza, "Nani amelipunguza paa? Au mmelila?"

"Ni fundi," Bibi akasema. "Tunakuwa watu wa mjini."

"Haya, mjini hakunyeshi," akasema Mama Resti, na wenzake wakacheka. Kisha akamgeukia Gaspari, sauti ikashuka. "Lakini mwanangu, usikate huku dirishani. Kama siku ile tusingekuwa tumejikinga hapa, nani angemsikia mama yako?"

"Siku gani?" Gaspari akauliza.

Kinamama wakatazamana. Jogoo akawika kwapani, ndipo Mama Resti akasema.

"Siku alipoanguka, masika. Si alikwambia? Tulisikia mtu anagonga ukuta kwa ndani, taratibu, tukadhani mbuzi. Tukaingia, tukamkuta chini, nyonga imemkataa. Tulipitisha miti miwili kwenye magunia ya kahawa, tukambeba hadi barabarani, akafika hospitali ya Mawenzi. Mimi nilishika huku miguuni."

Gaspari akamtazama mama yake.

"Mama, uliniambia ni mafua."

"Ulikuwa unafungua duka," Bibi akasema. "Ningekuambia, ungelifunga. Na mafua nayo nilikuwa nayo."

Gaspari alikwenda mvuani, akainama, akakiokota kile kipande mferejini, akakigeuza geuza mikononi kana kwamba kina maandishi. Maji yalimtiririka shingoni. Kisha akakiinua kigoda cha mama yake, mama mwenyewe akiwa amesimama kukubali, akakihamisha mahali pakavu, katikati ya wale kinamama.

"Fundi," akasema, "hiki kinaweza kurudi?"

"Chenyewe hakirudi. Lakini naweza kukata ubao mpya, nikaupandisha hadi ndani ya paa, nikauunga ubavuni mwa ule wa zamani, ukatokeza kama mwanzo."

"Na hizi nyingine?"

"Zilizooza mwisho tu, hivyo hivyo. Nzima naziacha."

"Fishabodi?"

"Itafuata mfereji. Pale pale pa baba yako."

Akaitikia kwa kichwa. "Lakini nyeupe," akasema, na mama yake akasema nyeupe hana ugomvi nayo.

Ndivyo tulivyofanya siku zilizofuata. Mbao nilizipaka oili chafu upande usioonekana, maana huo ndio unaokula unyevu. Dari la upenu nilipiga mbao nyembamba, nikaacha nafasi ya hewa kupita, nikaweka wavu kwa ajili ya popo, wakahamia kwa jirani bila kuaga. Fishabodi ikanyooka nyumba nzima. Kwa mbali ilionekana ya mjini. Ukifika, ilikukinga kama ya mlimani.

Lakini siku yenyewe iliishia kabla ya yote hayo. Mto uliposhuka, kinamama wakateremka mmoja mmoja, wakishikana mikono. Gaspari akafungua stoo ya kahawa, akafagia mwenyewe, akaleta kitanda cha kamba alicholalia alipokuwa mdogo. Bibi akaleta blanketi na maziwa.

"Sasa umefika," akaniambia. Alikuwa ameyakumbuka maneno yangu.

Nikakaa kitandani, mlango wazi, jua la jioni limetoka kidogo, na paa bado linadondosha matone yake ya mwisho mferejini. Nimelala sehemu nyingi katika maisha yangu, mwanangu, na nyingi nimezisahau. Pale sijapasahau.

Sasa nikuambie ninachokuambia, maana wewe una nguvu na una haraka, na vyote viwili ni vizuri. Walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nami naongeza: kabla hujaingia, simama upenuni uone pamewekwa kwa ajili ya nani. Ukirithi kitu cha wazee na ukakiona kimepitiliza, kipana mno, kirefu mno, usikimbilie msumeno. Keti kwanza hadi mvua inyeshe, uone nani anakuja kusimama chini yake. Kilichooza kitoe bila huruma, kwa kuwa asiyeziba ufa hujenga ukuta; lakini ukitoe kwa kipimo chake, na ukirudishie kwa kipimo hicho. Usiwaite watu wa upenuni wageni kwa sababu hujui majina yao. Huenda wanamjua mama yako kuliko unavyomjua wewe. Na ukiwa juu ya ngazi, hata kama aliyekupandisha ndiye mwenye ujira, msikilize pia aliyekaa chini.

Nenda basi, mwanangu, popote miguu inapokupeleka, hata kama hujui ni wapi. Mungu akupe paa lisilovuja na mwaka wa mvua ya kutosha. Akupe upenu mpana hata kama nyumba ni ndogo. Na siku utakayogonga ukuta kwa ndani, taratibu, kwa mkono usio na nguvu, pasikosekane mtu upande wa pili anayesubiri mvua ikatike.