Kopo la Mafuta kwenye Bisi ya Kapata

Siku ya kwanza kazini nilifika garaji ya kampuni, hapa Kolwezi, nimevaa shati jeupe. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Zaïre. Kapita wetu, yaani msimamizi wa mafundi, alilitazama shati langu, kisha akanisukumia beseni la petroli lililojaa vyuma vya kuosha.

"Hapa moteri njo inasemaka," aliniambia, akionyesha injini. "We unasikilizaka. Siku utaanza kusema mingi kupita moteri, rudia kwenu Lubudi."

Shati halikurudi kuwa jeupe tena. Niliosha vyuma mpaka kapita aliporidhika, ndipo nikapewa funguo za kufungulia nati na kupelekwa upande wa bisi, yale mabasi yaliyochukua wafanyakazi kutoka cité, mtaa wao wa Kapata, kwenda mgodini na kuwarudisha.

Vijana mnapokuja kwangu mnataka nicheke na kuwaambia zamani vitu vyote vilikuwa vizuri. Si kweli. Vilikuwa vizuri kwa mutuka, gari la mkurugenzi. Huo ukikohoa kidogo tu, vipuri vilipatikana. Bisi za wafanyakazi zilikohoa mwaka hadi mwaka, na jibu lilikuwa lile lile: "Vipuri viko njiani."

Juu ya kapita alikuwepo mkuu wa garaji, enjenia aliyesomea Ulaya, kijana bado, abacost yake, ile suti ya enzi zile isiyo na tai, imepigwa pasi. Sitasema alikuwa mjinga. Angekuwa mjinga ningelala vizuri zaidi. Yule mtu alijua kazi, na mengi ninayoyajua alinifundisha yeye.

Ndiye aliyenieleza kwamba moteri hupumua. Pistoni zimevikwa pete za chuma, sisi tunaziita segma. Segma zikilika, moshi wa mlipuko hupenya chini kwenye mafuta ya kulainisha, ukatafuta njia ya kutoka. Njia hiyo ni mpira mmoja unaotoka juu ya moteri na kuingia kwenye bomba la hewa, lile moteri inalovutia pumzi. Moshi ule hubeba mafuta. Kwenye moteri mpya ni unyevu tu. Kwenye bisi zetu, mafuta yalijaa ndani ya bomba la hewa kama mchuzi.

"Na moteri ya dizeli ikivuta yale mafuta kwa wingi," enjenia aliniambia, "itayachoma kama dizeli. Utazima ufunguo, haitazima. Itajilisha yenyewe na kupanda mpaka ipasuke."

Nilitaka kuuziba ule mpira. Alinikataza: ukiziba pua ya moteri, itatema mafuta kwenye kila mshono. Basi tukatengeneza kopo. Mimi nilichukua kopo kubwa la maziwa ya unga, nikalichomelea kifuniko na vijibomba viwili. Ndani nilijaza nyuzi za chuma, zile mama zetu wanazosugulia sufuria. Moshi uliingia upande mmoja, mafuta yakanata kwenye nyuzi na kudondoka chini, hewa ikatoka upande wa pili na kwenda zake nje, si kwenye bomba la hewa tena. Chini niliweka kibomba chenye koki ya kufunga na kufungua, ili dereva amwage mafuta kila asubuhi. Enjenia alilikagua, akasema niteremshe kijibomba cha kuingilia kidogo. Nilikiteremsha. Alikuwa sahihi.

Wa kwanza kufungiwa kopo alikuwa Kalala, dereva wa bisi ya Kapata na jirani yangu. Alilimwaga kila asubuhi bila kukumbushwa, akiniita nije nione uchafu uliotoka. "Ona, tata Ilunga," alisema, "hii yote moteri ilikuwa inakunywa!"

Kisha ikasemwa kwamba wageni wakubwa wanakuja kutoka Kinshasa kutazama garaji. Kuta zilipakwa chokaa. Asubuhi moja enjenia alitukusanya.

"Mutoshe bile bikopo," alisema, akitaka tuyatoe makopo yote. "Mipira irudishwe mahali pake."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Patron, bisi hizi segma zake zimekwisha. Wewe mwenyewe unajua."

"Citoyen Ilunga, unataka wageni wafungue kifuniko cha moteri waone makopo ya maziwa? Watauliza pesa za vipuri zilikwenda wapi."

"Si waulize!"

Enjenia alinisogelea, akashusha sauti. "Nina bakubwa juu yangu. Wageni wakienda, utayarudisha."

Mimi sikuyagusa. Nilimwambia atafute mikono mingine, naye akaipata bila shida. Kila mtu alikuwa na watoto. Wageni walikuja, wakafunga mikono mgongoni, wakasifu usafi, wakaondoka. Nikaenda kuomba makopo. Enjenia alisema ngoja. Nikaenda tena. Akasema garaji imesifiwa kwa moteri zilizo kama zilivyotoka kiwandani, na amri ni zibaki hivyo.

Nilimwambia Kalala ukweli. Nilimfundisha: ukisikia moteri inapanda yenyewe, tia gia kubwa, kanyaga breki kwa nguvu zote, achia ambreyaji, yaani klachi, ghafla, moteri ikabwe na kufa.

Haikuchukua muda mrefu. Ilikuwa alfajiri ya zamu ya kwanza, bisi imesimama Kapata, watu wamejaa mpaka mlangoni. Moteri ilianza kupanda bila mguu wa mtu. Kalala alizima ufunguo, ikazidi kulia. Moshi wa buluu ukafunika nyumba za mbele. Alitia gia, akakanyaga breki, akaachia ambreyaji. Ambreyaji nayo ilikuwa imekwisha, ikateleza tu. Ile nayo tulikuwa tumeiombea kipuri.

"Mushuke!" alipiga kelele. "Mushuke bote!"

Watu walitoka mlangoni, wakatoka madirishani. Yeye angeweza kuwa wa kwanza, mlango wake ulikuwa kando yake. Alibaki. Mama mmoja mwenye mimba alikwama katikati, na Kalala alimngoja mpaka akashuka. Kisha akavua koti, akafunua kifuniko cha moteri, ambacho kwenye bisi zile kilikuwa kando ya goti la dereva, akainama kuziba bomba la hewa kwa lile koti ili moteri ikose pumzi. Hapo ndipo moteri ilipasuka. Chuma na mafuta ya moto vilimpiga usoni.

Nilifika mbio. Wake za wafanyakazi walikuwa wanamwagia maji. Hakulia. Aliuliza tu, "Bote balitoka?"

Bote walikuwa wametoka. Macho yake hayakupona, hata moja.

Kampuni ikaunda kikao cha uchunguzi. Kikaamua kwamba dereva aliikanyagia moteri kupita kiasi. Niliomba neno, nikaeleza kopo, mpira, segma, amri. Mkurugenzi alimgeukia enjenia: "Ni kweli?"

Enjenia aliangalia meza. "Sikumbuki kitu kama hicho," alisema.

Kalala alifukuzwa kazi, na nyumba ya kampuni huenda na kazi. Mkewe, mama Feza, alibeba magodoro kichwani huku akimshika mumewe mkono, mchana, mbele ya majirani. Enjenia alipandishwa cheo, akahamia Fungurume. Mimi nilihamishiwa Lubudi kutunza jenereta, adhabu waliyoiita mahitaji ya kazi. Nilizitunza vizuri, mpaka nikazeeka nazo.

Siku ya kustaafu nilirudishwa Kolwezi kwa sherehe. Na nani aliletwa kutoa hotuba? Yule enjenia, sasa mkurugenzi, mvi kichwani. Alisema tulikuwa familia moja. Alininyooshea mkono, sikuupokea.

"Patron," nilisema mbele ya wote, "ile siku ya kikao, ulikumbuka au hukukumbuka?"

Aliushusha mkono, akasema, "Wakati ule wote tuliogopa, Ilunga."

"Kalala hakuogopa," nilisema. "Alikuwa na mlango kando yake."

Wanasema mzee akistaafu hasira humtoka. Yangu imestaafu nami, tunakaa nyumba moja. Ukifundishwa ufundi, kijana, jua kwamba kujua si kazi ngumu. Yule bwana alijua kila kitu.

Kutoka kwenye sherehe nilikwenda moja kwa moja kwa Kalala. Nilimkuta amekaa mlangoni, akipukuchua mahindi kwa vidole. Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na ulipotaja mlango, yeye alifanya nini?"

"Aliangalia viatu vyake."

Kalala aliacha mahindi.

"Ile," alisema, "ile ningependa kuiona."