Siku Gari la Tantine Vero Lilipopanda Mbao

Wiki iliyopita lori moja lilikwama kwenye tope mbele ya nyumba yangu hapa Kisangani. Dereva alikanyaga mafuta, akakanyaga tena, mpaka ile harufu ikatoka. Klachi inayoungua. Kama hujawahi kuisikia, fikiria nywele zilizoguswa na moto, halafu mtu akazimwagia siki. Majirani walifunga madirisha. Mimi nilitoka barazani nikaivuta puani kama mtu anayepita mbele ya duka la mikate. Mara ya kwanza kuisikia harufu ile nilikuwa na miaka tisa hivi, na mtu niliyempenda sana alikuwa ananing'inia juu ya mto.

Sitawaficha: mimi ni mgonjwa wa magari. Jioni, umeme ukiwepo, nafunga usukani wangu wa kuchezea kwenye meza, nawasha kompyuta na kushindana mbio na watu wa nchi ambazo sitazikanyaga maishani. Mkinipa nafasi ya kusema nitawachosha. Nitawaambia kwamba gari linalomfundisha mtu kuendesha si lile refu la matajiri. Ni gari dogo la viti viwili, wazi juu, ambalo hata mwalimu au muuza samaki anaweza kuliota bila kuchekwa. Nitawaambia kwamba mbio za kwenye skrini zinafundisha macho na mikono, wala msizidharau, lakini hazina harufu, na ukikosea hakuna anayelia. Maneno haya si yangu yote. Mengi niliyarithi kwa Tantine Vero.

Tantine Vero alikuwa mdogo wake Mama. Ukoo wetu ni watu wa mto kutoka upande wa Isangi, watu wa mitumbwi na samaki wa kukausha, na hakuna aliyejua huyu dada alilitoa wapi pepo la magari. Kule Mangobo, mtaa mwingine wa hapa Kisangani, alikuwa na chumba cha michezo chenye televisheni tatu. Mbili zilikuwa nzuri, hizo za wateja. Ya tatu ilikuwa imechoka, picha yake giza giza kama kitu unachokitazama chini ya maji, na hiyo ndiyo ilikuwa yetu sisi wawili. Yeye alikaa nyuma kwenye kiti na usukani wake uliofungwa kwa bolti. Mimi nilikaa sakafuni, pua imekaribia kioo, nikimsomea njia kwa sababu pale alipokaa hakuziona kona za mbele.

"Kushoto kidogo. Shikilia. Kulia sasa. Shikilia."

Tulichukua ubingwa wa dunia mara nyingi kwa namna hiyo, mpaka umeme wa bwawa la Tshopo ukatike na bingwa wa dunia abaki anapapasa mezani akitafuta kibiriti.

Halafu akanunua gari la kweli. Aliuziwa Kinshasa na mtu aliyekuwa anarudi kwao Ulaya: gari dogo la Kijapani, jekundu, viti viwili, paa lake la turubai limeshaoza zamani na kutupwa. Mama alipopata habari alijishika kichwa.

"Vero amenunua sahani," alisema. "Mvua ya Kisangani ikinyesha, tutakunywa supu ndani."

"Yaya," alijibu Tantine, maana hivyo ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "gari ya paa inakubeba tu. Hii, munaenda pamoja."

Gari lilikuja kwa njia ya mto, kama kila kitu kizito kinavyotufikia. Lilikaa majuma mengi juu ya barji, ile sahani kubwa ya chuma inayosukumwa na boti, kati ya magunia ya saruji, mbuzi, na familia nzima zilizokuwa zinapika na kufua humo humo. Lilipofika, maji yalikuwa yameshuka sana. Barji ilifungwa kwenye bandari moja ndogo ya watu binafsi, pasipo na winchi wala gati la maana, mahali ambapo mizigo hupanda ukingoni juu ya vichwa vya watu. Ukingo ulikuwa juu, barji ilikuwa chini, na katikati yake palikuwa na ufa wa maji ya kahawia yaliyokwenda kasi bila kelele. Nilitema mate mle, yakapotea kabla sijafunga mdomo.

Kapiteni alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuongoza ibada, na siku hiyo hakuwa na subira. "Mama, maji inashuka," alimwambia Tantine. "Nikilala hapa, barji itakaa juu ya mchanga. Toa gari yako sasa hivi, ama inarudi na mie Basoko, na kule sijui nani ataichunga."

Wabeba mizigo walijaribu kulinyanyua. Walilizunguka kama jeneza, wakaanzisha wimbo, wakalipandisha hadi kiunoni. Mmoja akateleza kwenye chuma chenye mafuta, gari likaanguka karibu kabisa na vidole vyake vya mguu. Wimbo ukaisha. Hakuna aliyetaka tena kuligusa. Ndipo vijana wa kapiteni walipoburuta mbao mbili nene za lifaki, zile ngumu zinazosafirishwa kwenda Kinshasa, wakazilaza kutoka barji hadi ukingoni. Zilipanda kwa mwinuko mkali, na kila moja ilizidi upana wa gurudumu kwa kiganja tu.

"Nani ataendesha?" kapiteni akauliza, akiwatazama wanaume.

"Mie," akasema Tantine.

Watu wakacheka. "Ile iko kazi ya shofa, mama!"

"Shofa gani anajua gari hii? Ikianguka, bon, ianguke na mwenyewe."

Kicheko kikapungua. Lakini kila mwanamume wa bandari ile alikuwa tayari ameshajiteua kuwa mwongozaji. Huyu alipunga mkono wa kushoto, yule wa kulia, mwingine alipiga mluzi, wa nne aligombana na wa tatu. Tantine aliwatazama wote, kisha akainua macho ukingoni tulipokuwa tumesimama mimi na Mama.

"Mado atanionyesha njia."

Kucha za Mama zikaniingia begani. "Vero! Huyu mutoto!"

"Iko mutoto, Yaya. Lakini anasema kitu moja, kisha ananyamaza. Hawa bote banasema pamoja." Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ile ile ya chumba cha michezo, "Alors, Mado. Kama nyumbani. Simama hapo juu, katikati ya mbao mbili. Usikimbie."

Mama aliniachia kidole kimoja kimoja. Nilikwenda nikasimama. Chini yangu niliziona mbao, kati ya mbao maji, na mwisho wa mbao pua nyekundu ya gari. Tantine alikuwa amekaa chini sana ndani yake, kama mtu aliyekaa ndani ya beseni, akivuta mkanda wa kiti mara mbili kuuhakikisha. Halafu akaufungua. Sikuelewa kwa nini aliufungua. Mama alielewa, kwa sababu nilimsikia nyuma yangu akianza kusali kwa Kilingala.

Gari liliwaka. Magurudumu ya mbele yakapanda mbao, na tumbo lake lililo chini mno likakwaruza ukingo wa barji. Kitu kikakatika. Lilikuwa bomba la moshi. Liliangukia chuma, likabingirika, likatumbukia mtoni. Kuanzia hapo injini ile ndogo ilinguruma kama lori la magogo. Mbuzi wakapiga kelele. Nami nikaanza kupaza sauti kwa nguvu zangu zote, mikono mbele, kama nilivyozoea.

"Kushoto kidogo! Shikilia! Shikilia!"

Na gari likanitii. Nilipoonyesha kushoto kwake lilikwenda kushoto. Lilipanda polepole, mbao zikipinda na kulia chini yake, watu wakiimba kwa pamoja, "Malembe, malembe," yaani taratibu. Magurudumu ya nyuma nayo yakaiacha barji. Sasa gari zima lilikuwa juu ya maji. Nilianza hata kujisikia fahari.

Hatukuiona baleinière iliyokuwa inapita katikati ya mto, boti ndefu ya mbao iliyojaa watu waliokuwa wanatushangaa na kutupungia. Yenyewe ilipita salama. Mawimbi yake ndiyo yaliyokuja. Barji ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, na kichwa cha ubao wa kulia kikateleza juu ya udongo, karibu na mguu wangu, kikaondoka mahali pake. Gurudumu la mbele lilikuwa linaelekea penye ubao usiokuwepo.

Nilipaswa kusema "simama". Nililijua neno hilo. Lilikuwa pale, nyuma ya meno. Halikutoka. Hakuna kitu kilichotoka. Wanaume nyuma yangu, ambao hawakuuona ubao, walikuwa wanapiga makofi na kupaza sauti, "Kende! Kende!" Yaani nenda, nenda! Na mimi, ambaye ndiye peke yangu niliyeona, nilikuwa nimesimama mdomo wazi kama samaki aliyetupwa mtumbwini.

Gari likasimama.

Lilisimama pale pale, juu ya maji, kwenye mwinuko. Breki yake ya mkono ilikuwa imekufa, kwa hiyo Tantine alilishikilia kwa klachi, likitetemeka, halipandi wala halishuki, na ndipo harufu ile ikapanda na moshi mweupe hadi usoni kwangu. Aliniangalia. Hakupiga kelele, hakupunga mkono, aliniangalia tu. Watu walipoona moshi wakaacha makofi. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Kwangu ulikuwa mrefu kuliko shule ya msingi.

Mkono wangu ndio uliotangulia kupona. Ulijiinua wenyewe ukaonyesha kulia, kidogo, halafu kidogo tena, kuufuata ubao ulikokwenda. Pua ya gari ikageuka. Gurudumu likapata ubao. Sauti yangu ikarudi kwa mkwaruzo, "Kulia... shikilia... kuya, Tantine, kuya!" Nilikuwa namwita aje. Injini ikalia, gari likaruka mwinuko wa mwisho, nami nikajitupa pembeni. Lilipita likaenda kugonga pipa tupu la mawese na kuzimika.

Bandari nzima ilipiga vigelegele. Kapiteni alivua kofia. Tantine alibaki amekaa, mikono juu ya usukani, akitazama mbele kama malkia anayengoja picha, na watu wakasema, tazama maringo. Mama alimwendea, akafungua kitambaa cha kichwani, akamchapa nacho mabegani mara kadhaa, kisha akamkumbatia shingoni, akalia kwa sauti.

Mtaani walinifanya shujaa. "Sauti ya Mado njo ilipandisha gari," walisema, yaani ndiyo iliyolipandisha, na wanawake sokoni waliniongezea mikate ya kukaanga. Niliila yote. Mimi nilijua ukweli: sauti ya Mado ilikufa pale ilipohitajika, na Tantine alipona kwa bahati tu. Sikumwambia mtu yeyote. Kila nilipopanda lile gari, na nililipanda miaka mingi, hata Mama alilipanda Jumapili akienda misani na kitambaa kimefungwa kidevuni, nilikuwa naogopa siku Tantine ataniuliza, "Mado, kwa nini ulininyamazia?" Hakuniuliza. Mvua na kutu vililimaliza gari, akaliuza vipande vipande, na bado hakuniuliza.

Juzi juzi, mchana mmoja alipokuja kunitembelea, alikaa nyuma yangu nikiwa kwenye mbio zangu za kompyuta. Nywele zake sasa ni nyeupe, na bado anabishana na kila kona ninayoichukua. Niliachia usukani katikati ya mbio, magari ya watu wengine yakanipita, nikamwambia bila kugeuka: "Tantine, siku ile juu ya mbao, nilinyamaza."

"Ulinyamaza wakati gani?"

"Ubao ulipoteleza. Nilishindwa kusema."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mado! Donc miaka yote hii? Mutoto wangu, bomba ilikatika pale mwanzo. Mie sikusikia hata neno moja. Tangu chini mpaka juu, sikusikia kitu."

Niligeuka kumtazama.

"Gari ile iko chini sana," alisema, "na njia ilikuwa inapanda. Mbele yangu sikuona mbao, sikuona maji. Niliona mbingu, na wewe. Basi nikaangalia wewe. Mikono yako, uso yako. Alors, uso ikabadilika. Mdomo wazi, macho hivi. Nikasema, Vero, kuna kitu. Miguu ikasimama yenyewe." Akajipangusa machozi ya kicheko. "Kama ungekuwa unaendelea kupiga makelele vizuri vizuri, ningepita tu. Na pale juu, unajua kwa nini sikushuka garini? Miguu ilikataa. Watu wanasema maringo!"

Akaniomba niufanye tena uso ule, auone mara moja zaidi. Nilijaribu. Nilifungua mdomo, nikatoa macho, akatikisa kichwa, siyo huo. Nikajaribu tena, tukacheka wote wawili hadi tukashikana. Haukuja. Nimekuwa mtu mzima, nimeshajifunza kuupanga uso wangu mbele ya watu. Mtoto aliyesimama ukingoni alikuwa hajajifunza, naye alidhani alikuwa amenyamaza.