Jina Lililosomwa Ukutani

Mmekuja tena na karatasi zenu, mnataka niandike habari ya Nungarrayi na safari ya wanafunzi. Mwandiko wangu ni wa kuku kuparura, mnajua hilo, na bado mnaning'ang'ania. Haya, shikeni. Ila asinisahihishe mtu.

Nungarrayi hakupanda basi la shule kwenda jumba la sanaa kwa kupenda picha. Picha amechora tangu usichana, amekaa chini mchangani, mbwa wakimkanyagia turubai. Alipanda kulinda jina. Dada yake alifariki msimu wa joto uliopita, na kwetu, watu wa jangwani, marehemu hatajwi wala sura yake haitazamwi mpaka matanga yaishe. Hata mpwa wao aliyeitwa jina hilohilo, sasa tunamwita Kumanjayi, asiye na jina.

"Mwalimu," alimwambia Brenton asubuhi, "mle ndani kuna kazi za dada yangu. Asitajwe."

"Hilo niachie mimi, bibi."

"Nikuachie! Wewe juzi si uliwaacha watoto kisimani ukaondoka na basi tupu?"

Watoto wakaangua kicheko. Brenton akawa mwekundu.

Jumba la sanaa lilikuwa na baridi kama bucha. Nungarrayi aliijua kutoka mbali picha ya viazi mwitu aliyoichora dada yake. Pembeni ilikuwa na unyayo wa mbwa, yule wa manjano, aliyetukanwa siku hiyo mpaka kambi nzima ikasikia. Na hapo kando, sura ya dada mwenyewe, imekuzwa, inacheka. Nungarrayi akainamisha macho. Chini ya sura palikuwa na maandishi. Kwake yalikuwa sisimizi tu.

Binti wa jumba, mwenye miwani, akapiga makofi. "Nani atatusomea?"

Brenton alikuwa mlangoni, akihesabu watoto asije akaacha mmoja.

Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Tarisha, mjukuu wa Nungarrayi. Akalisoma jina lote, kwa sauti, bila kukwama hata mara moja. Kwake marehemu alikuwa bibi, basi. Nasi wakubwa tulilificha jina vizuri kiasi kwamba mtoto alikutana nalo asilijue.

Nungarrayi akapiga yowe. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akaifunika ile sura.

"Mama, tafadhali, hapa hatugusi," mlinzi akasema.

"Huyu ni wangu! Wewe nani alikuruhusu kumtundika?"

Wakakiondoa kitambaa, wakakikunja vizuri, wakamrudishia kwa mikono miwili. Adabu hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi.

Kwenye basi Tarisha akauliza, "Bibi, nimekosea kusoma?"

"Hujakosea. Umesoma vizuri mno."

Tangu siku hiyo mtoto akiambiwa asome darasani anatazama sakafu. Brenton anasema ni mvivu.

Nimemaliza. Sura ile bado iko ukutani, inacheka na kila anayepita. Kitambaa cha Nungarrayi kiko kwangu, aliniachia. Wewe uliyetaka habari hii, njoo ukichukue, nenda kaifunike. Na ukifika pale, maandishi yale usiyasome.