Mama Mwaga na Uso wa Tenga

Watu wa ushirika walimwita Mama Mwaga, na hawakumpa jina hilo kwa mapenzi. Mashamba madogo ishirini na mawili, mengine hata mbuzi hapati pa kugeukia, yalikuwa yameungana kuilisha hospitali ya mji wao, na yeye ndiye aliyesimama mlangoni mwa ghala kila alfajiri kukagua nyanya. Hakukagua kwa macho. Alishika tenga, akalipindua lote juu ya meza ya mabati mpaka nyanya ya mwisho ionekane.

"Haya, tuone na huyu katuletea nini," husema, mwenye tenga akiwa kasimama pale pale.

Kwani alikuwa hawajui? Mkulima anapanga nyanya nyekundu, ngumu, kwenye uso wa tenga. Chini anazika zilizotoboka na zilizolainika, kisha anakuja na salamu ndefu za kuulizia mpaka kuku wako.

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," atasema Mama Mwaga, akiinua iliyooza kwa vidole viwili na kumkabidhi mwenyewe. "Shika mtoto wako."

Ujuzi huo hakuusomea. Zamani, alipokuwa akiwabembeleza madalali barabarani, hakuna aliyempita kwa kupamba tenga. Oda ya hospitali ndiyo iliyomtoa kule kwenye vumbi na matusi, na aliapa hatarudi. Ila kukumbushwa enzi zile hakupenda.

Mtu ambaye Mama Mwaga alimdharau kuliko wote alikuwa mwenyekiti wa ushirika, mzee wa koti, kalamu tatu mfukoni na shamba limejaa magugu. Mwenyekiti hajui kusema nyanya, yeye husema "zao letu tukufu." Mpishi mkuu wa hospitali alipotuma onyo, kwamba tenga moja tu la kupambwa likifika tena jikoni kwake atarudi kununua kwa madalali, mwenyekiti aliitisha kikao, akahutubia saa nzima bila kusema kitu, mwisho akamgeukia mkaguzi wake.

"Mama, kazi yako tunaithamini. Lakini kutumwagia mbele ya watu, hata sisi viongozi, heshima iko wapi?"

"Heshima haipikwi, mzee. Wagonjwa watakula heshima?"

"Na lako, nani hulimwaga?"

Mama Mwaga alicheka mpaka kitenge kikamteleza begani. "Langu? Langu la nini? Nilichopanda nakijua."

Wajumbe wakacheka naye, kwa woga. Mabwege hawa, alijisemea, wangekuwa na akili wangekuwa matajiri.

Jumatatu iliyofuata, mpishi mkuu akaja mwenyewe, mwanamke mpana wa viatu vya mpira na maneno machache. Alilizunguka ghala, akapita matenga ya watu, akasimama mbele ya moja lililokuwa peke yake ukutani.

"Nasikia hapa mnamwaga. Na hili?"

"Hilo achana nalo, dada," alisema Mama Mwaga, kidevu juu. "Hilo ni langu."

"Basi nianze na lako."

Akalipindua. Zilitangulia nyekundu, nzuri, zikibingirika kwa maringo. Kisha, lahaula! Zikafuata nyingine, zimepasuka, zimeota ukungu, maji yake yakachuruzika mezani na moja ikaangukia kiatu cha mpishi.

Mama Mwaga alimtafuta mumewe kwa macho. Mumewe alikuwa fundi baiskeli, mtu ambaye mkewe alishasema mbele ya mashemeji kwamba hata mlango hajui kuufunga. Lakini ndiye aliyechuma, kupanga na kulileta tenga siku hizo, maana bibi mkubwa alikuwa ghalani anaaibisha watu.

"Nini hii?" alimkoromea.

"Si nimepanga kama ulivyonifundisha tulipooana, mke wangu," alijibu yule bwege, mikono imejaa grisi. "Nzuri juu."

"Mkuki kwa nguruwe mtamu," sauti ikasikika nyuma, na watu wakaanza kukohoa kohoa. Mama Mwaga alitamani ardhi ipasuke. Tena alitamani iwameze wao kwanza.

Mpishi alipangusa kiatu chake. "Wiki hii nachukua nusu. Wiki ijayo kila tenga limwagwe, na la mmwagaji liwe la kwanza. Nikikuta jingine, kwaherini."

Wiki hiyo Mama Mwaga hakulala vizuri. Alichuma mwenyewe, akachagua mwenyewe, mumewe akakatazwa kulisogelea tenga hata kwa hatua tatu. Jumatatu alfajiri alifika wa kwanza, akaliweka mezani. Wenzake wakaingia mmoja mmoja, wakapanga mstari, na hakuna aliyethubutu kuligusa. Mwishowe mwenyekiti alijitokeza. Aliinua nyanya moja kwa adabu, akachungulia chini yake, akairudisha. Akainua ya pili.

"Kwa heshima zote, mama yetu, mimi naona..."

"Mwaga wewe!" alifoka. "Unapapasa nini, unachagua mchumba? Mwaga mpaka chini!"

Mwenyekiti akalikumbatia tenga, akalipindua. Watu wote wakasogea kutazama, na Mama Mwaga, kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lile, akafumba macho.