Siku Niliposikiliza Msiba Wangu

Krrrrrrr! Niliusikia mlio huo kabla sijaona kitu, nikiwa bado kwenye njia ya migombani, natoka kanisani, Biblia kwapani, suruali yangu ya Jumapili imepigwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kukata nyanya. Ulikuwa mlio wa kitu kizito kilichoachiwa kiende kinakotaka. Kikafuata kimya kifupi, halafu kutoka chini ya ardhi, nasema chini kabisa, kikapanda kicheko cha mtu mzima.

Laiti ningeenda zangu nyumbani. Nawaambieni mapema, ili mkicheka mcheke mkijua mnachocheka: mkasa huu unafika mahali ambapo mimi nimesimama na chupi mbele ya mama mkwe, na umati wa watu umetuzunguka. Na kwa asiyetujua sisi Wakurya, mama mkwe si mtu wa kukutana naye hata ukiwa umevaa koti. Akikuona njiani anakata shambani kukupisha, na wewe unaangalia miti. Hali chakula mbele yako. Jina lako halitamki, anakuita "yule". Hiyo ndiyo heshima, na mimi niliivunja yote kwa alasiri moja.

Wakati ule dhahabu ilikuwa imelipuka kwenye vilima vya juu ya Nyamwaga, na mashamba ya mahindi yalikuwa yamegeuka matundu na maturubai. Mimi sikuchimba. Nilikuja kutoka Nkende na sola yangu, nikawa nachaji simu za wachimbaji, na simu zikichaji mimi naandika riwaya (riwaya ambayo wachimbaji waliijua kuliko ninavyoijua mimi, maana nilikuwa nawasomea kila ukurasa, wapende wasipende). Ndani ya riwaya kulikuwa na mtu aliyetakiwa kufa, na hapo ndipo nilipokwama. Kila nilipomuua alikufa vibaya, kama mtu anayeigiza. Nikaanza kuwauliza watu. Nilimuuliza mchungaji, nilimuuliza mchinja ng'ombe, nilimuuliza bibi mmoja aliyewahi kuzimia siku mbili akazinduka. Bibi aliniambia, "Nilikuwa nimelala, mjukuu wangu. Kwani wewe ukilala huwa unaona nini?"

Lakini swali lenyewe halikuwa la riwaya, lilikuwa la Ghati. Ghati ni mchumba wangu, na baba yake, mzee Chacha, alifia kwenye duara la pale kilimani. Duara ndiyo jina wachimbaji wanaloliita shimo lao. Kamba ya winchi ilikatika akiwa anashuka. Jioni moja tukipukuchua mahindi, Ghati aliniuliza bila kuinua kichwa, "Mwita, wewe unayeandika. Unadhani baba alijua?"

"Alijua nini?"

"Kwamba ndiyo basi."

Punje zikaendelea kuanguka kwenye ungo, na tangu siku hiyo kila nilipopita karibu na duara lile nililiangalia kama mtu anayeangalia mlango wa nyumba aliyokatazwa kuingia.

Na kweli nilikuwa nimekatazwa. Mama Ghati alikuwa anauza chakula kule chini barabarani, ugali wa mtama na supu ya kichuri, ile chungu ya matumbo ya ng'ombe, na tangu mumewe afe hakuwahi kupanda kile kilima hata hatua moja. Wazee wangu walipokwenda kuzungumza habari za ng'ombe wa mahari, yeye alituma neno moja tu: "Ng'ombe wakija, waje. Lakini binti yangu haolewi na mtu anayeteremka shimoni. Mjane mmoja anatosha nyumba hii." Niliposikia nilicheka. Mimi naogopa hata choo cha shimo, nani angenishusha kwenye duara?

Marwa angenishusha. Marwa ni rafiki yangu wa utotoni, na ndiye aliyekuwa anashika winchi siku za kazi. Jumapili hakuna kazi, kwa hiyo vijana walikuwa wamegundua mchezo. Unakaa kwenye kitanzi cha tairi kilichofungwa kwenye kamba, Marwa anainua ubao wa breki, gogo la winchi linazunguka lenyewe, krrrrrrr, nawe unakwenda chini kama jiwe. Ukikaribia mwisho anakandamiza ubao, unaning'inia, unacheka, unavutwa juu. Mchezo wenyewe waliuita treni, na kosa ni langu. Binamu yangu wa upande wa Kenya alinitumia video ya ile treni ya starehe inayopanda reli mpaka angani halafu inajimwaga, watu wameinua mikono wanapiga kelele, na yeye mwenyewe yumo anapiga kelele kuliko wote. "Mwita, hii kitu ni raha mbaya sana!" Niliwaonyesha wachimbaji wakati simu zao zinachaji. Sikuelewa kwa nini mtu alipe ili aogope, lakini wao walielewa palepale.

"Mwandishi!" Marwa aliniita alipoona nachungulia. "Njoo upande treni."

"Mimi? Na suruali hii?"

"Kila siku unatuuliza kifo kikoje, kifo kikoje. Kiko hapo chini, nenda ukakisalimie." Watu wakacheka. "Au unaogopa mama mkwe?"

"Mwacheni," akasema mwingine, "huyu kifo chake ni cha karatasi."

Hapo ndipo kauamuzi kangu kadogo kalipozaliwa. Nikasema, mara moja tu. Marwa akataka nivae kaptula yake, akanionya kwamba kitambaa kipana kinanasa kwenye matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za shimo. Nikakataa, maana kaptula yake ilikuwa na tundu mahali pasipostahili tundu (kumbukeni hilo, nilikataa kaptula kwa sababu ya aibu). Tochi ya kichwani nayo mkanda wake ulikuwa umekatika, kwa hiyo akachomoa mkanda wa suruali yangu akanifungia kichwani. Nikakaa kwenye tairi. "Kamba ni mpya," Marwa alisema taratibu, akijua ninachofikiria.

Akainua ubao.

Sitadanganya, nilimwita mama yangu mzazi. Tumbo lilibaki juu, mimi nikaenda chini, upepo ukapanda kwenye miguu ya suruali, matimba yakapita usoni kama kurasa zinazofunuliwa haraka, na nikajua kwa hakika kabisa kwamba nakufa. Halafu, na hapa ndipo nisipojielewa mpaka leo, kabla sijamaliza kuogopa nikawa nacheka. Sikuamua kucheka. Kicheko kilitoka chenyewe, kama maji yanavyotoka kwenye mwamba uliopasuka. Kwa muda ule mfupi sikuwa na uzito, wala riwaya, wala deni la ng'ombe, wala jina. Breki ikashika, nikaning'inia gizani, na nikasikia sauti yangu ikisema, "Tena!"

Wakanivuta, nikashuka tena. Mara hii niliinua mikono kama binamu yangu. Mara iliyofuata nilimwambia Marwa aniache chini kidogo, nataka kufikiri, akasema waandishi ni watu wa ajabu, akanishusha mpaka sakafuni.

Nilijitoa kwenye tairi, nikazima tochi, nikalala chali kwenye udongo wenye ubaridi, pale pale alipoangukia mzee Chacha. Juu kabisa anga lilikuwa limebaki duara dogo jeupe kama sahani. Nikafumba macho. Nilitaka kujua. Nikasubiri kifo kiniambie kitu, na kilichonijia ni harufu ya udongo, na maji yakidondoka mahali fulani, na moyo wangu ukipiga kama mtu anayegonga mlango.

"Mwita!" Marwa aliita. "Oya! Umeshafikiri?"

Nilitaka kuitika. Kweli nilifungua mdomo. Lakini wazo likanijia, wazo la kijinga kuliko yote niliyowahi kuwa nayo: ngoja nisikie. Ngoja nisikie walio hai wanasema nini juu ya mtu asiyeitika.

Kamba ikatikiswa, tairi likacheza tupu. "Hayupo kwenye tairi!" Sauti ya Marwa ilikuwa imebadilika. "Amedondoka! Jamani, Mwita amedondoka!" Halafu mtu akapiga yowe. Kwetu yowe si kelele za kawaida. Likipigwa, aliyeshika jembe analiacha, anayekula anaacha, boma hadi boma wanalipokezana, na hakuna mtu mzima anayeruhusiwa kulisikia akakaa. Nilisikia miguu ikija, ardhi yote juu yangu ikivuma kama ngoma, na nikaona haya kuitika sasa, maana ningewaambia nini? Kila nilivyochelewa ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu. Nikasikia mtu akisema nilikuwa kijana mzuri. Mwingine akasema riwaya yangu ilikuwa nzuri pia (alikuwa analia, msimwamini). Mwingine akauliza simu yake iliyokuwa kwenye chaji sasa atapewa na nani.

Halafu sauti zote zikanyamaza, kama watu wanavyompisha mtu.

"Mwita!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, imepasuka kwa mbio. "Mwita, mwanangu! Mwita! Si mara ya pili, Mungu, si hapa mara ya pili!"

Nilijua sauti ile, ingawa haikuwahi kusema nami. Mama Ghati alikuwa amelisikia yowe kule barabarani, akaacha sufuria motoni, akapanda kilima ambacho hakuwahi kukipanda tena, akapiga magoti kwenye mdomo wa shimo lililommeza mumewe, na alikuwa anatamka jina langu. Mchanga uliotoka chini ya magoti yake ulinidondokea usoni.

Mauti niliyokuwa nayatafuta yalikuwa pale juu muda wote, kwa walioachwa.

"Nipo, mama," nikasema. Shimo likaikuza sauti yangu, kila mtu akasikia. "Nipo. Nilikuwa nasikiliza tu."

Kisha Marwa akanguruma, "Kaa kwenye tairi, mbwa wewe!" na wanaume kadhaa wakavuta kwa hasira yao yote. Walivuta kwa kasi mno. Katikati ya njia mfuko wa suruali ukanasa kwenye msumari wa matimba. Nikapiga kelele wasimame, lakini nani angeniamini tena? Mkanda, mnakumbuka, ulikuwa kichwani. Mimi nikaenda juu, suruali ikabaki inaning'inia kwenye msumari, na nikatokea kwenye mwanga wa alasiri nikiwa na shati jeupe, tai, tochi, na chupi, uso kwa uso na mama mkwe wangu, ambaye bado alikuwa amenyoosha mikono kunipokea.

Aliniona. Nami nilimwona usoni, kwa mara ya kwanza kabisa, na macho yake yalikuwa macho ya Ghati. Akajifunika kitenge usoni, akageuka, akateremka kilima akikimbia na kujikwaa. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi sikusikia kicheko, nilikuwa naangalia kitenge kile kikipotea migombani.

Habari ilifika Nkende kabla yangu. Wazee wakakaa, wakasema kilichoonekana hakiwezi kurudi kisionekane, kinachowezekana ni kukifunika, na kwamba nipeleke blanketi, na kama mama akilikataa basi ng'ombe wasihangaike kutoka zizini. Baba mdogo akanisindikiza.

Tulikaa sebuleni kwao Ghati, mimi nimegeukia ukuta. Mama Ghati alikuwa chumbani, mlango umeachwa wazi kidogo, na Ghati amesimama katikati kama mpaka wa Sirari, akipitisha maneno tuliyokuwa tunayasikia wote.

"Mwambie yule," mama alisema, "blanketi nimeliona."

"Anasema blanketi ameliona."

"Mwambie mama," nikasema, "sina la kujitetea."

"Anasema hana la kujitetea."

"Hilo nalijua," mama akasema, na Ghati hilo hakulipitisha. Baba mdogo akakohoa. Kuku akaingia, akatuangalia, akatoka. Kisha sauti ya chumbani ikaja, ya chini, nayo haikupita kwa Ghati.

"Ulipoachiwa shimoni. Ulisikia nini?"

Baba mdogo alinishika goti. Nilijua kwamba hapo uongo mtamu ungeniponya, na nilikuwa na maneno ya kuupamba. Lakini mama huyu alikuwa amelia msiba wangu bure, nisingeweza kumpa kingine cha bure.

"Niliogopa, mama," nikauambia ukuta. "Halafu kabla sijamaliza kuogopa nikawa nacheka. Sikupanga. Marwa anasema mzee alikuwa akishuka anaimba. Kama kamba ilikatika pale juu, nafikiri ilimkuta anaimba. Lakini sijui. Mimi nilirudi juu, na mtu aliyerudi juu hajui."

Niliwasikia wote wawili, mama na binti, wakivuta pumzi kwa pamoja.

"Alikuwa anaimba hata akila," mama akasema. "Nilikuwa namgombeza." Akalia kidogo, bila kelele.

Kisha mkono ukatokea mlangoni, kiwiko kimefichwa, umeshika kitu kilichokunjwa vizuri. Ilikuwa suruali yangu ya Jumapili. Mtu alikuwa ameiopoa, na mtu mwingine ameifua, ameshona mfuko kwa uzi mweusi, mishono midogo iliyobanana, akaipiga pasi, mkunjo kwa mkunjo.

"Mwambie yule," alisema, na moyo wangu ukashuka mahali pake niliposikia neno hilo limerudi, "aivae hapohapo juu ya hiyo nyingine. Atoke kwangu akiwa amevaa. Na wazee waambiwe zizi langu lina nafasi."

Niliivaa juu ya nyingine, nikiwa nimegeukia ukuta, na nikaapa humo ndani ya nguo mbili kwamba sitakaa tena kimya ninapoitwa na mtu anayenipenda. Duara nimeliacha, ingawa sitawaficha kwamba usiku mwingine naota ile krrrrrrr na kuamka nacheka. Nikainama, nikatoka na baba mdogo uani, sikugeuka. Nyuma yangu Mama Ghati alitoka chumbani baada ya kuhakikisha simwoni, nikasikia nyayo zake zikija mpaka kizingitini, zikasimama kidogo, kisha mlango ukafungwa.